Mlinzi wa Getini Naye Ana Kitu Anachokitaka

Barua za safari hii karibu zote zinawahusu wahusika wadogo: konda, mpishi, mwenye duka, askari wa getini. Zimetoka kwa watu wanaoandika kwa pamoja, wengine riwaya ya zamu kwenye kundi la WhatsApp, wengine mchezo wa redio, wengine igizo la jukwaani. Tumechagua saba, na zile ndefu tumezifupisha.

SWALI: Tuko sita. Tunaandika riwaya kwa zamu, kila mtu sura moja ya maneno kama 1,000, kisha anamwachia mwenzake. Sura ya kwanza ilikuwa na mlinzi wa usiku kutoka Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, mtu mwangalifu, wa maneno machache. Sasa tuko sura ya saba na amegeuka mtu wa upinde na fimbo, anaongea kama mtoto, kazi yake kuchekesha tu. Hakuna kati yetu aliyekusudia. Imekuwaje? (Kikundi cha waandishi, Jinja)

JIBU: Tunaamini hamkukusudia, na hapo ndipo penye shida. Anayeandika peke yake akimpotosha mhusika, kosa lina mwenyewe. Mkiwa sita, kosa huzaliwa pale zamu inapobadilisha mikono. Mwandishi wa pili hakumpokea mlinzi mzima. Alipokea mistari sita au saba iliyomtaja, na kichwani akabaki na maneno mawili: "mlinzi" na "Mkaramoja". Yaliyopungua akayajaza kwa yale ambayo kila mtu mjini hudhani anayajua. Wa tatu akamsoma wa pili, wa nne akamsoma wa tatu. Ni kama kutoa fotokopi ya fotokopi: mstari mzito unazidi kukolea, mstari mwembamba unafifia hadi unapotea.

Mhusika mkuu hapatwi na hilo kirahisi kwa sababu yumo katika kila sura na mnamgombania. Mhusika mdogo hana wakili. Mpeni basi vitu viwili, kadi na mlezi.

Kadi iwe nusu ukurasa, mistari sita, na ikae mahali ambapo kila anayepokea zamu ataiona kabla hajaanza. Msizidishe, kadi ya kurasa mbili haisomwi na mtu. Mstari wa kwanza ni jina lake na namna kila mmoja anavyomwita: Lokiru, ila mwenye nyumba humwita "askari" na mpishi humwita kwa jina. Wa pili ni anakotoka hasa, maana "Karamoja" haitoshi. Kuna wilaya tisa kule. Wajie wa Kotido si Wadodoth wa Kaabong, Wapokot wa Amudat wana lugha yao, na Waethur wa Abim ni wakulima wanaozungumza lugha ya jamii ya Kiluo. Mkimfanya mtu wa Abim awe mchunga ng'ombe anayeongea Kikaramoja, msomaji wa Abim ataiweka simu chini hapo hapo. Wa tatu, anataka nini wiki hii. Ndoto ya maisha iacheni, andikeni haja ya wiki hii: ahamishiwe zamu ya mchana, au arudishiwe shilingi 40,000 alizomkopesha mpishi. Wa nne, anajua nini ambacho mhusika mkuu hajui. Wa tano, anavyoongea: Lokiru huuliza kabla ya kujibu, sentensi zake fupi, na neno "bosi" halimtoki kinywani. Wa sita ni yaliyokwisha kumpata, na huu ndio unaokua. Kila anayemaliza sura huongeza sentensi moja pamoja na namba ya sura.

Wa tatu na wa nne ndiyo mistari yenye kazi. Mtu mwenye haja yake na siri yake ni vigumu kumgeuza pambo la mlangoni. Tazameni kipande hiki, cha aina mnayoilalamikia:

"Geti lilifunguka. Mkaramoja alisimama na upinde wake, meno yote nje. 'Mimi naona gari kubwa usiku, bosi! Mimi naogopa sana!' Sarah alicheka, akapita."

Na hiki, kilichoandikwa na mtu mwenye kadi mkononi:

"Lokiru hakufungua mara moja. Alimulika namba ya gari, akaiandika kwenye daftari pamoja na saa. 'Umerudi peke yako?' aliuliza. Sarah akasema ndiyo. 'Basi yule wa saa nane usiku alikuwa na ufunguo wako.' Akairudisha kalamu nyuma ya sikio, akavuta komeo."

Cha pili hakitaji Karamoja hata mara moja, na hadithi imesogea: sasa tunajua kuna mtu mwingine mwenye ufunguo. Kwao kutatajwa siku kukiwa na kazi ya kufanya, kwa mfano akipigiwa simu kutoka nyumbani katikati ya zamu. Na ng'ombe je? Ng'ombe si dhambi. Karamoja wamo wengi, kama walivyomo wachimba dhahabu na marumaru, walimu na madereva wa malori. Kosa ni kumfanya ng'ombe awe jibu la kila swali.

Sasa mlezi. Gawaneni wahusika wadogo, kila mwandishi wawili. Mlezi haandiki matukio yote ya mhusika wake, bali husoma kila tukio analotokea kabla halijatumwa. Ana saa 24, na akinyamaza ahesabiwe amekubali. Anaweza kulirudisha mara moja kwa sababu ya sentensi moja inayotaja mstari wa kadi ("mstari wa tano: hasemi bosi"). Wakishindwa kuelewana mara ya pili, kundi lipige kura na kazi iendelee. Mambo mawili huharibu mpango huu. La kwanza ni kumpa mtu ulezi kwa sababu tu anatoka kabila la mhusika. Mtakuwa mmempa ubalozi asiouomba. La pili ni mlezi kumpenda mhusika wake hadi akataze asikosee, asikasirike, asidanganye.

Msikimbilie kinyume pia. Tumesoma rasimu ambamo mlinzi, ili asionekane mjinga, ghafla ananukuu wanafalsafa kwa Kifaransa. Huyo ni kikaragosi yuleyule, mmemvalisha suti.

SWALI: Mimi ni Mnubi, Kiswahili nimekua nacho. Katika hadithi za kikundi chetu kila anayesema Kiswahili ni askari wa kizuizini au jambazi wa usiku. Nikilalamika naambiwa ndivyo watu wa Kampala wanavyokisikia. Niwajibu nini? (Msomaji, Bombo)

JIBU: Waambie ni kweli wengi walikisikia hivyo, kisha uwaeleze kwa nini, maana kasumba yenye historia haiondoki kwa kukanushwa. Kiswahili kilikuwa lugha ya King's African Rifles, jeshi la Waingereza, kikabaki lugha ya amri jeshini na polisi baada ya uhuru. Miaka ya utawala wa Idi Amin, 1971 hadi 1979, kwa familia nyingi Kiswahili mlangoni usiku kilikuwa sauti ya mtu mwenye bunduki. Hadithi ya mwaka 1977 ina haki ya kuitumia sauti hiyo. Hadithi ya leo haina kisingizio hicho. Tangu marekebisho ya katiba ya 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliridhia kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Mtoto anayekuja na zoezi la ngeli nyumbani hana bunduki.

Swali la kuwatupia wenzako ni hili: Kiswahili kipi? Cha Busia na Malaba, mpakani na Kenya, ni cha wachuuzi, madereva wa malori na mawakala wa forodha. Ndiko neno bodaboda lilikoanzia, kwa vijana wa baiskeli waliovusha watu mpaka hadi mpaka. Ukienda Mpondwe, mpakani na Kongo, au makazi ya wakimbizi ya Nakivale utasikia cha Wakongo, watoto ni "batoto", kuja ni "kuya". Kwenye kambi ya jeshi utasikia kifupi cha amri. Darasani utasikia cha kitabu, mwanafunzi anapima kila ngeli kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Na kwenu Bombo kinakaa jirani na Kinubi, ambacho ni lugha nyingine kabisa, iliyotokana na Kiarabu. Waandishi wengi huvichanganya viwili hivyo. Hapo wewe ndiye wa kuwasahihisha.

Kuhusu kuandika lafudhi tuna masharti, na tunayashikilia. Chagueni alama mbili tu za usemi wa mhusika, mzifuate tangu mwanzo hadi mwisho. Mkiweka tano, msomaji ataacha kumsikiliza mtu na kuanza kufumbua tahajia. Na alama zenyewe ziwe za kweli. Mfano: waandishi hupenda kumwandika Mganda kwa kubadilisha r na l ovyo. Luganda ina utaratibu wake: sauti ya r huja baada ya i na e, kwingine kote huja l. Kwa hiyo "rafiki" hugeuka "lafiki", "habari" huwa "habali", lakini "mbili" huwa "mbiri", na "jirani" linabaki vilevile. Anayeandika "jilani" hajamsikia Mganda. Amesikia mtu akimwigiza Mganda.

Sharti la mwisho ndilo zito. Angalieni ni nani anayeandikwa kwa matamshi na ni nani anayeandikwa sanifu. Kama mhusika mkuu, mtoto wa Ntinda, mtaa wa watu wenye nafuu Kampala, naye hukosea ngeli lakini tahajia yake ni safi, na konda peke yake ndiye anayeandikwa "mimi nakuja jana", dharau imeingia bila neno la dharau kuandikwa. Tena konda huyo akimpigia mama yake simu kwa lugha ya kwao, mwandikeni kwa Kiswahili fasaha kabisa, kwa sababu hapo yumo ndani ya lugha yake na hakuna anachokosea.

Ukitaka jambo la kuanza nalo wiki hii, pendekeza sura tatu zijazo ziwe na nesi, fundi cherehani na muuza samaki wanaoongea Kiswahili, na pasiwe na atakayetoa maelezo kwa nini wanakiongea.

SWALI: Tukimpa mhusika jina, tayari tumemtaja kabila. Tukimwita "dereva" au "yule mama" anakosa uso. Tufanyeje? (Fort Portal)

JIBU: Mpeni jina, ila mjue jina hilo linafanya kazi gani kwao. Aibu huwa kubwa hapa kwa sababu kosa linaonekana kwa neno moja. Mkimwita mtu Kato, kwa Waganda mmesema ni pacha, tena wa pili, na kakake mkubwa ni Wasswa. Wasichana ni Babirye na Nakato. Baba yao huitwa Ssalongo, mama Nnalongo, na anayezaliwa baada yao ni Kizza. Kwa Waacholi na Walango mapacha wa kiume ni Opio na Ocen, anayewafuata ni Okello. Siku hizi majina haya hurithiwa pia kama majina ya baba, hivyo Okello wenu anaweza asiwe amefuata mapacha. Basi liandikeni hilo kwenye kadi, asije mwandishi wa nne akamzulia ndugu wawili.

Kwenu Tooro, magharibi mwa Uganda, kuna hazina ambayo waandishi wa Kampala huisahau: empaako. Ni majina kumi na mawili ya heshima na mapenzi, kama Amooti, Abwooli, Adyeri, Atwooki na Akiiki. Moja, Okaali, ni la mfalme. UNESCO iliiingiza desturi hii mwaka 2013 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Kwa mwandishi faida yake ni kwamba empaako inaonyesha uhusiano. Kijana wa boda anayemwamkia mzee "Atwooki" amekwisha kutuambia anamfahamu. Mgeni anayeuliza kwanza empaako ya mwenyeji wake amefundishwa adabu, na yule anayemwita mzee kwa jina lake kavu ama hajui ama amekusudia. Hakuna hata sentensi moja ya maelezo iliyohitajika.

Kwa hiyo kwenye mstari wa kwanza wa kadi msiandike jina tu. Andikeni watu watatu wanavyomwita.

SWALI: Tunaandaa mchezo wa redio wa dakika 30. Mwenye duka wetu ni Mhindi bahili mwenye lafudhi ya kuchekesha, na wasikilizaji wanampenda. Mwenzetu mmoja anataka tumwondoe. Je, uchekeshaji umekatazwa? (Kampala)

JIBU: Haujakatazwa. Lakini fanyeni jaribio kabla ya kuamua. Chukueni mistari yake yote, mpeni mwigizaji mwingine aisome kwa sauti yake ya kawaida bila lafudhi yoyote. Wekeni alama kila mahali ambapo watu bado wanacheka. Katika mchezo wa dakika 30 mtu kama huyu huonekana mara mbili au tatu, tuseme mistari 20. Ikiwa wanacheka mara kumi, mna mhusika na mnaweza kupunguza lafudhi bila hasara. Wakicheka mara moja tu, hamkuwa na mzaha, mlikuwa na lafudhi, na mwenzenu ana hoja.

Halafu mjiulize ni Mhindi yupi. Amin alitangaza kuwafukuza Agosti 1972, akawapa siku 90. Aliyezaliwa Jinja mwaka 1965 aliondoka akiwa na miaka saba, na kama alirudi miaka ya 1990 kudai jengo la babake, kuna mambo mengi ya kusema naye kuliko bei ya sukari. Mwingine ameletwa juzi kutoka Gujarat kwa mkataba wa kazi, na 1972 kwake ni habari ya kusimuliwa. Kuna Wahindu, Waismailia, Masingasinga, Wagoa Wakatoliki. Aliyekulia hapa huenda Luganda yake ikawa nzuri kuliko ya mhusika wenu mkuu, na hapo lafudhi mliyomwekea inakuwa uongo mtupu.

Ubahili wenyewe tungeushughulikia hivi: badilisheni tabia iwe hali. Msiseme "ni bahili". Semeni duka si lake, yeye ni meneja, na kila saa moja usiku mwenye mali huja kuhesabu, kikipungua kinakatwa kwenye mshahara. Sasa anapomkatalia Mama Akello mkopo wa kilo mbili za mchele anafanya kitendo kilekile cha zamani, mstari uleule, lakini msikilizaji anasikia hofu chini ya ukali. Hata mzaha unaboreka: anamkatalia kwa sauti kubwa ili bosi asikie, halafu anampimia kilo moja na robo akiandika moja.

SWALI: Kundi letu lina mwenzetu mmoja mkimbizi kutoka Sudan Kusini. Kila tukiandika mkimbizi tunamtumia asome aseme kama ni sawa. Siku hizi hajibu ujumbe. Tumemkosea? (Yumbe)

JIBU: Nadhani mmemchosha. Mmemfanya ofisi.

Mtu mmoja hawezi kuwa shahidi wa taifa zima. Makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi yalipofunguliwa Agosti 2016 walifika watu wa makabila mengi, wakulima na wahasibu, walioenda shule na wasioenda. Mkakwa aliyekimbia kutoka ng'ambo ya mpaka ana ndugu Koboko upande huu, anazungumza lugha ileile, na huenda hajisikii mgeni kama mnavyomwandika. Mwingine haelewi neno sokoni. Mwenzenu anaweza kuwaambia la kwake tu.

Mkitaka mtu asome kwa jicho la ndani, mpeni kazi inayopimika. Mtumieni kurasa zisizozidi kumi, si riwaya nzima. Msimwulize "ni sawa?" maana swali hilo halina jibu. Mwulizeni maswali matatu yaliyo wazi: mtu huyu angetembea kutoka hapa hadi kituo cha maji kwa muda gani? Angemwitaje mama mkwe wake mbele ya wageni? Ni sentensi gani iliyokufanya usimame? Mpeni siku saba. Mlipeni, kiasi kinacholingana na siku moja ya kazi yake. Soda na shukrani si malipo. Na mkubaliane mapema mtafanya nini asipopendezwa, kwa sababu kinachoumiza ni kuulizwa, kujibu, kisha kuona ukurasa umetoka vilevile.

Mengine mnaweza kuyatafuta wenyewe bila kumsumbua. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kusafiri nchini. Kwa hiyo mhusika anayekaa chini ya turubai sura kumi akingoja kugawiwa chakula ameandikwa na mtu asiyefika sokoni. Mwandikeni akichaji simu za watu kwa sola na kubishana juu ya shilingi 500.

SWALI: Mwizi wetu lazima awe na kabila. Tumchagulie lipi bila kugombana? (Mbale)

JIBU: Lolote, mradi asiwe peke yake. Ndani ya sura tatu za karibu awemo mtu mwingine wa kabila hilohilo mwenye kazi tofauti na hoja tofauti, tena wakutane uso kwa uso ikiwezekana. Kumvua mwizi kabila hakusaidii, maana katika nchi hii msomaji atalisoma jina lake na kujaza mwenyewe.

SWALI: Hadithi yetu imefika sehemu ya 14 na imesambaa. Tumegundua hausigeli hana jina, ameiba, amemtongoza baba wa nyumba, na hajawahi kusema zaidi ya "ndiyo mama". Tumepanga afe kwa ajali ya boda ili tuanze upya. (Masaka)

JIBU: Msimuue! Mkimuua mmefunga kosa ndani ya kaburi na wasomaji watakumbuka mwizi aliyeadhibiwa. Na msimfufulie shahada ya chuo kikuu aliyoificha.

Rudini nyuma na kalamu. Orodhesheni kila mara alipotokea katika sehemu zote 14, alifanya nini, na nani alikuwa anatazama. Tunabahatisha kwamba mtaona jambo moja: hakuna hata mara moja tuliyomwona bila mwenye nyumba kuwepo. Maana yake "ameiba" ni kauli ya mama mwenye nyumba. "Amemtongoza" ni kauli ya baba, na baba ana sababu ya kuisema. Hamjaandika uongo basi. Mmeandika ushahidi wa upande mmoja, na hilo linarekebishika bila kufuta neno.

Sehemu ya 15 iandikeni jikoni, kuanzia saa kumi na moja alfajiri, kabla mtu mwingine hajaamka. Awashe sigiri, avunje mkaa, achemshe maji. Tuambieni mshahara wake ni shilingi ngapi na ni miezi mingapi hajalipwa. Msomaji atapiga hesabu mwenyewe, aone kama zile 150,000 "zilizoibiwa" sehemu ya 6 zinalingana na deni. Baba wa nyumba akiingia kutafuta chai, msieleze chochote. Andikeni tu kwamba msichana alihamia upande wa pili wa meza, kisu cha kumenyea matoke kikiwa bado mkononi, akaendelea kumenya. Jina lake asilitaje yeye. Alitamke yule mtoto mdogo, kutoka chumbani, akiomba maji.